Nipasuliwe Dar, India au Istanbul? Jibu kwa msomaji wa Ilemela

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 37, naishi Ilemela, Mwanza, na nina duka la vitenge Makoroboi. Urefu wangu ni sentimita 160, uzito kilo 118. Kisukari huu ni mwaka wa sita, natumia metfomini na glibenklamaidi, na sasa presha nayo imeanza. Magoti yananitesa. Nimefunga, nimekula mboga tupu, nimekunywa majani ya kila aina. Napungua kilo nane, zinarudi kumi. Nimeamua kufanya upasuaji wa kupunguza uzito. Kuna wakala amenitumia kwa WhatsApp pakeji ya Istanbul, siku tano pamoja na hoteli. Shemeji yangu anasema niende India, kuna ndugu yake alipasuliwa huko. Mume wangu anataka iwe Dar ili aweze kuja kuniona. Tuna kiwanja Buswelu tunachoweza kuuza. Bado tunatamani mtoto wa tatu. Nifanyie nyumbani au nje?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Nianze na jibu lenyewe, sababu zifuate. Kwa hali uliyonieleza, ningekushauri upasuliwe Dar es Salaam. India iwe chaguo la pili, kwa masharti nitakayoyataja. Pakeji ya Istanbul ya siku tano achana nayo. Lakini kabla ya kuchagua mji, kuna mtu unayepaswa kumpata hapahapa Mwanza, na usipompata usikate tiketi ya kwenda popote: daktari atakayekubali, kwa kauli yake, kukupokea siku ya kumi baada ya upasuaji ukiamka na homa saa nane ya usiku, na ambaye mwaka wa tano bado atakuwa anakupima damu.

Kuhusu kufaa kwako kwa upasuaji sitakaa sana. Uzito wako ukigawanywa kwa 1.6 mara 1.6 unapata 46; hicho ndicho kipimo cha uzito kwa urefu, BMI. Tangu mwaka 1991 mwongozo uliotumika sehemu nyingi duniani ulikuwa 40 na kuendelea, au 35 kwa mwenye maradhi kama kisukari. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya madaktari wa fani hii vilishusha kiwango hadi 35 hata kwa asiye na ugonjwa mwingine. Unafaa, tena kwa nafasi kubwa. Na zile kilo kumi zinazorudi zisikuvunje moyo. Mwili uliopunguzwa uzito kwa njaa huongeza homoni ya hamu ya kula na kupunguza matumizi yake ya nishati, na hufanya hivyo kwa muda mrefu. Umekuwa ukipigana na mwili wako mwenyewe, na watu waliokuita mlafi hawakujua wanachokisema.

Upasuaji unaofanywa zaidi siku hizi ni slivu. Sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, kama robo tatu au zaidi kidogo, hukatwa na kutolewa kabisa, kinabaki kipande chembamba chenye umbo la ndizi. Kilichokatwa hakirudishwi tena. Baipasi yenyewe huacha kifuko kidogo juu na kukiunganisha na utumbo mwembamba, chakula kikiruka sehemu kubwa ya tumbo. Zote mbili hufanywa kwa matundu madogo. Kwa wastani slivu huondoa karibu robo ya uzito wote ndani ya mwaka mmoja hadi miwili, baipasi zaidi kidogo. Kwako wewe hiyo ina maana ya kufika kilo 88 hivi, na baadaye baadhi ya kilo hurudi kwa watu wengi. Anayekuahidi kilo 60 anakuuzia kitu ambacho hana. Kisukari cha miaka sita kinachotibiwa kwa vidonge bila insulini kina nafasi nzuri ya kutulia sana, hata kukaa bila dawa kwa miaka, ingawa kinaweza kurudi.

Puto la tumboni nalitaja kwa sababu najua utalisikia. Huwekwa kwa kamera kupitia mdomoni, hukaa takriban miezi sita, kisha hutolewa. Linasaidia wakati lipo. Kwa mtu mwenye 46 na kisukari silihesabu kama jibu, labda kama hatua ya kupunguza hatari kabla ya kisu.

Sasa nije kwenye jambo linalofanya suala la nyumbani au nje liwe zito.

Kwenye hospitali zilizozoea kazi hii, kifo kutokana na upasuaji huu ni nadra, karibu mtu mmoja katika elfu moja. Tunachokiogopa zaidi ni mshono kuvuja, damu kutoka, na damu kuganda miguuni kisha bonge likapanda mapafuni. Kuvuja kwa slivu hutokea kwa wachache, lakini tatizo ni wakati wake: mara nyingi hujitokeza mgonjwa akiwa ameshatoka hospitali, ndani ya wiki za kwanza. Dalili ya mapema kabisa huwa si maumivu makali. Ni moyo kwenda mbio, mapigo 120 kwa dakika na zaidi mtu akiwa amelala tu, kisha homa, kupumua harakaharaka, pengine maumivu ya bega la kushoto.

Ichukue dalili hiyo uiweke Ilemela. Umerudi, una homa, mwili hauna nguvu. Jirani atasema nini? Malaria. Utapelekwa zahanati, utachomwa kidole, na kwa kuwa tunaishi ukanda ambao malaria ni ya kawaida, kipimo kinaweza hata kusoma chanya. Utapewa dawa mseto, utaambiwa ukapumzike. Siku mbili zinapita huku usaha unajikusanya tumboni. Kwa mtu aliyetoka kupasuliwa, homa ni ya tumbo mpaka ithibitike vinginevyo, hata kama malaria ipo. Anatakiwa CT skani yenye dawa, daktari wa upasuaji, na ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi, kwa karibu. Kwa Mwanza mahali pa kukimbilia ni Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Ndiyo maana nasema utafute daktari wa upasuaji huko mapema, umweleze mpango wako, umpelekee majina ya dawa na namba ya simu ya atakayekupasua. Madaktari wengi hukubali kumpokea mgonjwa aliyejulishwa. Anayeletwa usiku bila karatasi hata moja, akisema tu "nilikatwa tumbo Uturuki", anawapa kazi ya kubahatisha.

Hapo ndipo pakeji ya siku tano inaponishinda. Ndani ya siku hizo tano kuna siku ya kufika, vipimo, upasuaji, siku mbili au tatu za hospitali na hoteli, kisha ndege. Unarudi hewani katikati ya dirisha lilelile la hatari, umekaa kwenye kiti kwa saa nyingi, na uzito wako pamoja na upasuaji tayari vimeongeza uwezekano wa damu kuganda. Uturuki kuna madaktari wazuri, sitaki usikie vingine. Lakini biashara ya kukusanya wageni kwa pakeji imeleta msiba: Waingereza kadhaa wamefariki baada ya kwenda huko kupunguza uzito, na mapema mwaka 2023 zaidi ya watu 60, wa Uturuki kwenyewe na wa nchi nyingine za Ulaya, walipata sumu ya botulizimu baada ya kuchomwa sindano za botox tumboni kwa ajili ya kupunguza uzito, wengi wao katika hospitali moja ya Istanbul. Waliotoka Ulaya walikuwa na hospitali kubwa karibu na nyumba zao, na usafiri wa kurudi wa saa tatu au nne. Wewe una Ziwa Victoria na nusu ya Afrika katikati.

Kuna jambo jingine ambalo wakala hatakuuliza na pengine hata daktari wa nje hatalifikiria. Umekulia wapi? Kama ni Ukerewe, Kome, au kando ya mwalo wowote wa ziwa hili, au ulikuwa ukioga na kufua ziwani utotoni, kuna uwezekano umewahi kuwa na kichocho cha tumbo. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, hapa Mwanza wamekitafiti kwa miaka mingi kwa sababu kimejaa kwenye mwambao wetu. Mayai ya vimelea hivyo hukwama kwenye ini, yakaacha makovu, na presha ya mshipa mkubwa unaoingiza damu kwenye ini ikapanda. Bandama huvimba, na mishipa ya damu ya koo la chakula na ya sehemu ya juu ya tumbo hutanuka. Mtu anaweza kuishi hivyo miaka mingi akiuza vitenge vyake bila kujua. Slivu hukata kuufuata ukingo uleule wa tumbo ulioko jirani na bandama. Mpasuaji akikuta mishipa iliyovimba ambayo hakuitegemea, damu itakayotoka si ya kawaida.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumza na hospitali yoyote, fanya ultrasaundi ya ini na bandama kwa mtu anayejua kusoma makovu ya kichocho, na kipimo cha kamera ya tumbo. Kamera itaangalia mishipa hiyo, vidonda, na bakteria wa vidonda vya tumbo, helikobakta, ambao huku kwetu ni wengi mno na hutibiwa kabla ya kukatwa. Itaonyesha pia kama tindikali hupanda kooni. Hilo ni muhimu, kwa sababu slivu mara nyingi huzidisha kiungulia, na mwenye kiungulia kikali huelekezwa kwenye baipasi. Ongeza wingi wa damu, madini ya chuma, vitamini B12, figo, ini, na kipimo cha sukari ya miezi mitatu. Na umwambie daktari kama unakoroma na kukata pumzi usingizini, maana daktari wa dawa ya usingizi lazima ajiandae. Vipimo hivi vyote hufanyika hapa mjini kabla hujatoa hata shilingi ya pakeji.

Sasa Dar. Najua kwa mtu wa Mwanza hata Dar ni safari. Kwa barabara Nairobi iko karibu zaidi, na upasuaji huu unafanyika huko pia. Ila Dar una faida tatu. Kwanza, Muhimbili Mloganzila wameanza huduma ya puto na upasuaji wa kupunguza uzito miaka hii ya karibuni, na ufuatiliaji wake unaweza kuunganishwa na rufaa ya Bugando ndani ya mfumo mmoja, kwa lugha moja. Pili, ni ndege ya saa moja na kitu. Ukivuja, unarudishwa siku hiyohiyo bila viza. Tatu, mumeo atakuwepo, na hilo si dogo.

Usiniamini mimi wala jina la hospitali peke yake. Huduma changa ina wapasuaji ambao bado wanaongeza idadi. Mwulize daktari mwenyewe, uso kwa uso: kwa mwaka unafanya slivu ngapi, baipasi ngapi? Wangapi walivuja, na ulifanyaje? Siku nitakayopasuliwa utakuwepo mwenyewe, au kuna mgeni anayekuja kwa kambi ya siku chache kisha anaondoka? Nani atanipokea simu usiku? Kuna mtaalamu wa lishe? Anayekasirishwa na maswali haya, muage kwa heshima. Usajili wake unaweza kuuthibitisha kwa Baraza la Madaktari Tanganyika.

India nitaikubali kwa masharti manne. Hospitali iwe ile inayofanya kazi hii kila wiki, na daktari akuone kwa video kabla, si wakala. Utume majibu yote ya vipimo, ultrasaundi ya kichocho ikiwa ya kwanza. Ukae karibu na hospitali si chini ya wiki mbili baada ya upasuaji, na wa kukusindikiza awepo siku zote hizo. India hutoa viza ya matibabu kwa mgonjwa na nyingine kwa msindikizaji. Na urudi na ripoti kamili ya upasuaji kwa Kiingereza, yenye kueleza kilichokatwa, kilichounganishwa na wapi. Ndugu wa shemeji yako alipona vizuri, na ninafurahi kwa ajili yake, lakini muulize aliyemfuatilia baada ya kurudi ni nani. Jibu lake litakusaidia zaidi kuliko picha za kabla na baada.

Bei ya wakala isikuchanganye. Mara nyingi yeye hulipwa kamisheni na hospitali, na bei anayotaja ni ya mambo yakienda sawa. Uliza kwa maandishi: nikivuja, nikalazwa ICU siku kumi, nani analipa? Nikirudi nyumbani likatokea tatizo, mtanitibu bure, na tiketi ni ya nani? Bima yako nayo iulize kwa maandishi, usidhani inalipa wala kwamba hailipi. Kisha hesabu vidonge vya vitamini vya maisha yote, vipimo vya miezi mitatu, sita, mwaka, na kila mwaka baada ya hapo. Kama kuuza kiwanja kunalipia upasuaji tu na hakibaki kitu cha ufuatiliaji, basi pesa haijatosha bado, hata kama wakala anasema imetosha.

Kuhusu mtoto. Uzito ukishuka, wanawake wengi ambao hedhi ilikuwa ikirukaruka huanza kupevusha mayai vizuri, na mimba huingia ghafla. Usishike mimba mpaka ipite miezi 12 hadi 18, kwa sababu kipindi hicho mwili unapungua kwa kasi na mtoto atakosa lishe. Tumia kijiti au kitanzi. Vidonge vya uzazi wa mpango havitegemewi baada ya baipasi. Baipasi pia hupunguza ufyonzaji wa madini ya chuma, na mwanamke wa huku anayeona hedhi, anayepata malaria, na anayetaka kubeba mimba hana akiba ya damu ya kuchezea. Ndiyo sababu, kama kamera haitaonyesha tindikali kali, naelekea kwenye slivu kwako.

Chakula cha mwambao wetu kinakufaa kuliko unavyodhani. Wiki mbili za mwanzo ni vitu vya majimaji tu, supu ya sato iliyochujwa, maziwa, maji kidogokidogo. Baadaye laini, kisha vigumu, ukianza na protini kila mlo, gramu 60 hadi 80 kwa siku: sato asiye na miiba, mayai, mtindi, dagaa waliosagwa, ambao wanakupa na kalsiamu. Bonge la ugali wa muhogo lisiloletwa mdomoni kwa uangalifu linaweza kukwama na kukutapisha. Na kutapika usikuzoee. Ukitapika siku mbili tatu mfululizo, vitamini B1 huisha mwilini haraka, na ikiisha ubongo huweza kuharibika bila kurudi: kuona viwili viwili, kuyumba, kuchanganyikiwa. Nenda hospitali, na mwambie wa zamu wazi kwamba unahitaji sindano ya vitamini B1 kabla ya dripu ya glukozi. Diklofenaki na ibuprofeni za duka la dawa, zile unazomeza kwa ajili ya magoti, ziage, hasa ukifanyiwa baipasi, kwa sababu huchimba vidonda kwenye maungio.

Watu watasema. Mwezi wa nne nywele huweza kukatika, uso utasinyaa, na pale Makoroboi kuna atakayenong'ona kwamba una virusi. Nimeona wanawake wakianza kula kupita kiasi ili tu kunyamazisha mtaa. Wachague wawili watatu wa kuwaambia ukweli, na mumeo awe wa kwanza. Mpeleke kliniki asikie mwenyewe, kwa maana hofu yake ni ya kukupoteza na anastahili kujibiwa na daktari.

Utaulizwa pia kuhusu sindano za kupunguza uzito za semaglutide. Zinafanya kazi; katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021 zilipunguza uzito kwa wastani wa asilimia 15 hivi, lakini ukiacha, uzito mwingi hurudi, na wanaopanga mimba huziacha mapema. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa tahadhari mwaka 2024 kuhusu za bandia, kwa hiyo ya kuletewa mkononi usiichome.

Jambo la mwisho, na hili lifanye hata kabla ya kuchagua mji. Hospitali nyingi zitakuweka kwenye mlo mwepesi wa majimaji wiki mbili kabla ya upasuaji ili ini lipungue. Ukiingia mlo huo huku unameza glibenklamaidi kama kawaida, sukari inaweza kushuka hadi ukaanguka dukani. Kliniki yako ya kisukari ipange upya dozi siku ya kwanza ya mlo, na za presha pia. Majibu ya ultrasaundi na kamera yakitoka, niandikie pamoja na kipimo cha sukari ya miezi mitatu, tuangalie kama ni slivu au baipasi, kabla pesa ya kiwanja cha Buswelu haijatoka mkononi mwako.